Visiwa gani vya mapumziko? Upepo na kivuko vitangulie picha

MKAZI wa Pumwani anayetaka kwenda visiwani kupumzika hana uhaba wa mahali pa kuchagua. Kati ya Lamu na Shelisheli kuna mafungu kadhaa ya visiwa ambayo mtu anaweza kuyafikia kutoka Nairobi, mengine kwa basi na mashua, mengine kwa ndege pekee. Tatizo lake ni jingine. Fedha anazosafiri nazo aghalabu ni za chama, zilizochangwa mwaka mzima na akina mama wenye vibanda Gikomba au mafundi wa Shauri Moyo, na likizo yenyewe haizidi wiki moja. Akikosea, hana fungu la pili la kurekebishia kosa lake.

Kosa linalotokea mara nyingi ni kuchagua kwa picha. Picha za visiwa zote hufanana: mchanga mweupe, mnazi uliopinda, maji ya rangi ya samawati. Picha haielezi bahari ilikuwaje siku ya kuvuka, wala gharama ya kutoka bandarini hadi chumbani, wala iwapo mgeni aliombwa cheti asichokuwa nacho. Njia iliyo salama zaidi ni kuanza na mwezi wa safari, kisha kuuliza habari za kivuko na hati. Jina la kisiwa lije mwisho.

Mwezi kwanza

Visiwa vya pwani ya Afrika Mashariki vimo chini ya amri ya pepo mbili. Kaskazi huvuma kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi. Ni upepo wa joto, na katika sehemu kubwa ya kipindi chake bahari huwa tulivu na maji maangavu. Kusi hushika Aprili, hukaza kati ya Juni na Agosti, na kuanza kulegea Septemba. Mwanzo wa kusi huandamana na masika, mvua kubwa ya Aprili na Mei. Baina ya Septemba na Novemba huja demani, kipindi ambacho wavuvi wengi hukipenda, na vuli, mvua fupi zisizoharibu safari sana, hufuata.

Mtu mwenye watoto hana uhuru wa kuchagua mwezi autakao, kwa kuwa shule za Kenya hufungwa Aprili, Agosti, na kwa muda mrefu mwishoni mwa mwaka. Aprili ni mwezi wa mvua. Vyumba hupatikana kwa bei nafuu lakini kuna hatari ya kukaa ndani siku tatu mkitazama matone. Agosti hewa ni ya baridi kidogo na nzuri kwa kutembea mitaani, ila bahari ya nje huchafuka. Desemba bahari ni nzuri, lakini bei hupanda kadiri Krismasi inavyokaribia. Familia isiyofungwa na sikukuu hiyo, kama zilivyo nyingi za Majengo, itapata nafuu kubwa ikisafiri wiki mbili za kwanza za Desemba na kurejea Nairobi kabla umati haujateremka pwani.

Kwa Waislamu kuna kalenda nyingine ya kutazama. Ramadhani ya 2026 iliandama katikati ya Februari, ya 2027 inatazamiwa mapema Februari, na ya 2028 mwishoni mwa Januari. Kwa hiyo kwa miaka hii mwezi wa mfungo unaangukia katikati ya kaskazi, wakati bahari ni tulivu kabisa. Visiwani mchana wa Ramadhani mikahawa mingi hufungwa na mji hulala. Usiku hali hugeuka, na wapo wanaosema huo ndio wakati mzuri kuliko wote wa kuuona Mji Mkongwe wa Unguja. Anayefunga atafurahi. Asiyefunga na aajiandae kwa subira na kwa adabu ya kutokula hadharani.

Lamu, jamaa wa zamani

Fungu la Lamu lina visiwa vya Lamu, Manda, Pate, Ndau na Kiwayuu, pamoja na vidogo vingine. Mji wa Lamu uliingizwa na UNESCO katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2001, na hutajwa kuwa mji wa Waswahili uliohifadhiwa vizuri kuliko yote Afrika Mashariki. Barabara zake nyingi ni vichochoro vinavyopitisha punda na watu wawili wanaopishana kwa kugeuza mabega.

Mtu wa Pumwani hafiki Lamu kama mgeni kamili. Pumwani ilianzishwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwa makao ya Waafrika wa Nairobi, na miongoni mwa wakazi wake wa mwanzo walikuwa Waislamu waliotolewa katika vijiji vya zamani zaidi vya mji huo. Nyumba walizojenga zilikuwa za mtindo wa Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Msikiti mashuhuri wa mtaa huo unaitwa Riyadha, jina lile lile la msikiti na chuo cha Lamu kilichoasisiwa na Habib Swaleh, mwanachuoni aliyezaliwa Ngazija katika karne ya 19. Anayetoka Pumwani kwenda Lamu, na aliyetoka Lamu kwenda Komoro, wote wanapita katika njia iliyokwisha kukanyagwa.

Riyadha ya Lamu ndiyo kitovu cha Maulidi, ambayo huwakusanya wageni kutoka pwani yote na kwingineko. Husomwa katika Mfungo Sita, na kilele chake huwa mwishoni mwa mwezi huo. Mwaka 2026 na 2027 Mfungo Sita unaangukia Agosti na mwanzo wa Septemba, karibu na likizo ya shule. Kuna mambo mawili ya kuzingatia. Siku hizo vyumba huadimika, na wengi hulala kwa jamaa au katika nyumba zinazokodishwa kwa vikundi. Tena, Agosti 2027 ndio mwezi wa uchaguzi mkuu wa Kenya, na abiria anayekumbuka chaguzi zilizopita anajua kwamba mabasi siku hizo hayana uhakika.

Safari yenyewe ni ndefu. Gari moshi la Madaraka, lililoanza mwaka 2017, huondoka Syokimau na kufika Miritini. Nauli ya daraja la kawaida ilipandishwa Januari 2024 kutoka Sh1,000 hadi Sh1,500. Kutoka Mombasa kuna zaidi ya kilomita 300 za barabara hadi Mokowe, kupitia Malindi, Garsen na Witu. Sehemu ya kuanzia Garsen sasa ina lami, jambo ambalo wasafiri wa zamani waliokwama kwenye tope lake watalithamini. Mokowe ndiko mtu anakoingia mashua. Mkondo huo umekingwa na visiwa vyenyewe, na kuvuka huchukua takriban nusu saa kwa boti ya abiria. Hata wakati wa kusi mtoto mdogo huvuka bila taabu. Hii ni sifa ya Lamu ambayo haiandikwi katika matangazo, nayo ni kubwa.

Suala la usalama halifai kufunikwa. Septemba na Oktoba 2011 wageni walishambuliwa na kutekwa Kiwayuu na Manda. Juni 2014 watu zaidi ya 60 waliuawa Mpeketoni na vitongoji vyake, na kaunti ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Januari 2020 basi lilishambuliwa Nyongoro, na siku chache baadaye kambi ya kijeshi karibu na uwanja wa ndege wa Manda ikavamiwa. Mashambulizi haya yalitokea zaidi bara na kaskazini kuliko ndani ya mji wa Lamu, lakini barabara ya kufikia mji hupita huko huko. Msafiri wa basi asafiri mchana, aulize hali ya barabara siku hiyo hiyo kwa watu wa kampuni ya basi na kwa mwenyeji wake, na akiona mashaka abakie Malindi. Mwenye uwezo hupanda ndege ya kwenda Manda, kisha mashua ya dakika chache.

Maonyo ya balozi za nje yalipunguza watalii wa kigeni kwa miaka mingi. Mkenya amefaidika na hali hiyo bila kupenda: nje ya Desemba na siku za sherehe, nyumba ya mawe yenye roshani inayotazama bahari inaweza kupatikana kwa bei ambayo Unguja ingempatia mtu chumba cha kawaida. Familia mbili zikikodi nyumba moja yenye jiko na mpishi, gharama hushuka zaidi.

Kuhusu mambo ya kuona, wageni wengi huishia Shela kwenye mchanga na kurudi. Ni hasara. Magofu ya Takwa katika kisiwa cha Manda, mji uliohamwa katika karne ya 17, hufikiwa kwa mashua kupitia mikoko maji yakiwa yamejaa. Asiyeuliza saa za kujaa na kupwa atashinda akitembea topeni. Matondoni bado kuna mafundi wa majahazi. Pate ina ngome ya Siyu na magofu ya Shanga, ambako uchimbaji wa Mark Horton katika miaka ya 1980 ulionyesha kuwa msikiti ulikuwapo tangu karne ya nane. Pate si safari ya nusu siku, na haifai kujaribiwa na mtu mwenye siku nne tu.

Wasini kwa mwenye siku tatu

Kusini mwa Mombasa, karibu na mpaka wa Tanzania, kuna fungu dogo la Wasini, Mpunguti na Kisite. Mtaa mmoja wa Majengo ya Pumwani bado unaitwa Digo, na anayeteremka Kwale ataifahamu asili ya jina hilo. Safari ni ya garimoshi hadi Miritini, kisha barabara hadi Shimoni, na mashua kuvuka hadi Wasini. Hakuna hati nyingine ila kitambulisho. Kisite ni hifadhi ya taifa ya bahari, na kiingilio hulipwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Raia wa Kenya hulipa kidogo kuliko mgeni. Pomboo huonekana mara kwa mara, na matumbawe yake ni miongoni mwa mazuri zaidi nchini. Kijiji cha Wasini hakina magari, na akina mama wake wamejenga njia ya mbao inayopita katika bustani ya matumbawe ya kale yaliyoachwa juu na bahari. Shimoni yenyewe ina mapango ambayo wenyeji huyahusisha na biashara ya watumwa.

Kwa familia inayokwenda visiwani kwa mara ya kwanza, yenye fedha kidogo na watoto wasiojua bahari, huenda hapa ndipo pa kuanzia. Isisafiri Juni wala Julai.

Unguja na Pemba: mkondo ndio swali

Zanzibar haihitaji kutambulishwa. Mji Mkongwe uliingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2000, mmoja kabla ya Lamu. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza 2004, hufanyika Februari kwa kawaida; Mwaka Kogwa husherehekewa Makunduchi mwezi Julai. Fukwe za Nungwi na Kendwa kaskazini mwa Unguja zina faida moja ambayo mzazi anapaswa kuijua: maji hayakimbii mbali wakati wa kupwa. Upande wa mashariki, Paje na Jambiani, bahari hurudi nyuma mbali sana, na mtoto aliyeahidiwa kuogelea asubuhi anaweza kuletewa tope na mwani hadi mchana.

Wakenya wasiopanda ndege hufika kwa basi hadi Dar es Salaam, ama kupitia Namanga na Arusha, ama kupitia Lunga Lunga na Tanga. Kutoka Dar hadi Unguja boti za kasi huchukua takriban saa mbili. Mtanzania hulipa nauli kwa shilingi, mgeni hutajiwa bei ya dola, na tofauti si ndogo. Tangu Oktoba 1, 2024, serikali ya Zanzibar imewataka wageni kutoka nje ya Tanzania kununua bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, ambayo kiwango kilichotangazwa kwa mtu mzima kilikuwa dola 44. Kwa familia ya watu watano kiasi hicho si cha kusahauliwa. Iulizwe mapema bima hiyo inawahusuje raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kabla ya kulipia chumba.

Bei hata hivyo si jambo kubwa kuliko bahari. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Zaidi ya watu 200 walithibitishwa kufa, na uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba waliopanda walikuwa zaidi ya mara tatu ya idadi iliyoruhusiwa, na kwamba zaidi ya watu elfu moja hawakuonekana tena. Julai 18, 2012, Skagit ilipinduka karibu na Chumbe ikitoka Dar, na watu zaidi ya 100 wakapotea. Ajali zote mbili zilitokea katika msimu wa kusi. Wakenya nao hawana haja ya kuambiwa na jirani: Aprili 29, 1994, kivuko cha Mtongwe kilizama Mombasa na kuua watu 272, katika mkondo ambao mtu huuona ng'ambo yake kwa macho.

Unguja imekaa juu ya rafu ya bara, na bahari baina yake na Dar si ya kina kirefu. Pemba ni kisa kingine. Mkondo unaoitenga na bara una kina cha zaidi ya mita 700, na maji yake yana nguvu. Kwa hiyo anayetaka Pemba wakati wa kusi afikirie ndege ndogo kutoka Unguja, au aihifadhi Pemba kwa Desemba na Januari. Kwa mwezi wowote, kuna maswali ambayo abiria ana haki ya kuyauliza bandarini bila haya: meli imeruhusiwa kubeba watu wangapi, jaketi za kuokoa maisha zimewekwa wapi, na je, zipo za watoto? Chombo kinachoendelea kupakia watu baada ya viti kujaa kiachwe kiende. Tiketi iliyopotea ni hasara ya siku moja.

Anayefika Pemba katika wakati unaofaa hatajuta. Ndiyo itoayo sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar, na wakati wa mavuno harufu yake humpokea mgeni barabarani, zikiwa zimeanikwa kwenye majamvi. Kuna msitu wa Ngezi, magofu ya Pujini yanayohusishwa na mtawala aliyeitwa Mkama Ndume, na kisiwa kidogo cha Misali chenye matumbawe. Hoteli ni chache, magari ya abiria hupita kila mji, na mgeni anayezungumza Kiswahili, hata kile cha Nairobi kinachowachekesha wenyeji, hupokelewa kwa uzuri.

Siasa nazo ziangaliwe. Uchaguzi wa Tanzania wa Oktoba 29, 2025, uliandamana na ghasia, kukatwa kwa intaneti na amri ya kutotoka nje usiku jijini Dar es Salaam. Safari ya Unguja kwa njia ya nchi kavu hupitia Dar, na abiria aliyekwama huko anakula fedha za likizo kabla hajaiona bahari.

Kusini zaidi ipo Mafia, pamoja na Chole, Juani na Jibondo. Hifadhi yake ya bahari ilianzishwa 1995. Kuanzia Oktoba hadi karibu Machi papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani na asiyemdhuru mtu, huja kula karibu na Kilindoni. Juani kuna magofu ya Kua. Kufika Mafia kunahitaji ndege kutoka Dar au kivuko cha Nyamisati, hivyo kwa mtu wa Nairobi ni safari ya siku nyingi. Mei 2024 tufani Hidaya ilitua huko, jambo la nadra katika pwani hii lakini linaloonyesha kwa nini Mei si mwezi wa kujaribu bahati.

Ng'ambo ya bahari

Komoro ina visiwa vitatu: Ngazija, Nzuani na Mwali. Cha nne, Maore, kilibaki chini ya Ufaransa baada ya uhuru wa 1975 na sheria za kukiingia ni za Kifaransa. Mgeni wa Komoro hupewa viza anapowasili. Lugha ya huko ni ndugu wa Kiswahili, na mtu wa Majengo atashtuka kusikia nusu ya maneno akiyatambua na nusu nyingine ikimponyoka. Mlima Karthala, wenye mita 2,361, ni volkano hai. Ulilipuka mwaka 2005. Mwali, kidogo kuliko vyote, ndicho chenye kumfaa zaidi mtafuta utulivu: kasa hupanda ufukoni Itsamia kutaga, na kisiwa chote kilitambuliwa na UNESCO kuwa hifadhi ya viumbe hai mwaka 2020.

Upungufu wa Komoro ni mambo mawili. Usafiri wa ndege ni ghali, na kati ya kisiwa na kisiwa ratiba haziaminiki. Pia, tofauti na Lamu na Unguja, Komoro imo katika njia ya tufani kati ya Novemba na Aprili: Kenneth ilipiga Ngazija Aprili 2019, na Chido ikaiharibu vibaya Maore Desemba 14, 2024. Hivyo Desemba, ambayo ni mwezi mwema wa Lamu, huko si mwezi mwema. Msimu wa Komoro ni Juni hadi Septemba. Mgeni asikubali kamwe kupanda boti ndogo za kimagendo ziendazo Maore. Zimeua watu wengi mno.

Shelisheli ina visiwa 115, na kutoka Nairobi ni mwendo wa saa tatu hivi kwa ndege. Raia wa Kenya hahitaji viza, ila huomba kibali cha safari mtandaoni na kuonyesha tiketi ya kurudi na mahali pa kulala. Bonde la Mai katika kisiwa cha Praslin, liliko asili ya nazi kubwa kuliko zote duniani, na kisiwa cha Aldabra chenye kobe wakubwa, yote ni turathi za dunia tangu miaka ya 1980. Historia ya eneo letu nayo imezikwa huko kwa sehemu: Waingereza waliwahamishia Shelisheli Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabalega wa Bunyoro mwaka 1899, na Mwanga akafia huko 1903. Ni nchi nzuri, safi na ya gharama. Hesabu ya wazi ni kwamba fedha za watu wawili kwa siku nne Shelisheli zinaweza kuipeleka familia nzima Lamu kwa wiki, na mwenye kujua hivyo akaamua kwenda Shelisheli hana wa kumlaumu.

Kisiwa kisicho na chumvi

Wanaozungumzia visiwa vya tropiki husahau kwamba vingine viko ziwani, karibu kabisa na ikweta. Mabasi ya Mbita huondoka Nairobi usiku, na kutoka Mbita mtu huingia Rusinga kwa daraja bila hata kupanda mashua. Kwa wakazi wa Pumwani Rusinga ina jambo la pekee: ndiko alikozikwa Tom Mboya baada ya kuuawa Julai 5, 1969, naye alikuwa mbunge wa Nairobi ya Kati, eneo ambalo leo ni Kamukunji, wilaya ya uchaguzi iliyo na Pumwani ndani yake. Kaburi lake liko katika jumba lililojengwa kwa umbo la risasi. Mfangano iliyo jirani ina michoro ya kale ya miambani. Agosti, wakati kusi inapoisumbua bahari, ziwa hili ni chaguo ambalo halijapewa heshima yake. Tahadhari ni kutoogelea ovyo kwenye maji yaliyotulia yenye nyasi, kwa sababu ya kichocho, na kutovuka kwa mashua alasiri upepo unapopanda.

Hati

Lamu, Wasini na Rusinga hudai kitambulisho tu. Hilo lenyewe si jepesi kwa kila mtu. Vijana wengi wa Kiislamu katika mitaa kama Pumwani wamelalamika kwa miaka mingi kwamba husailiwa zaidi ya wenzao kabla ya kupewa kitambulisho au pasipoti, na anayetarajia kuvuka mpaka Desemba hawezi kuanza kuishughulikia karatasi hiyo Novemba. Tanzania haikubali kitambulisho cha Kenya peke yake kama ifanyavyo Uganda. Msafiri awe na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria ya Afrika Mashariki, na kila mtoto awe na yake.

Kisha kuna cheti cha homa ya manjano, ambacho maofisa wa Zanzibar hukikagua kwa makini kwa abiria watokao Kenya. Wapo wanaokinunua mpakani bila kuchanjwa. Ni kuhatarisha afya na kuvunja sheria kwa pamoja. Tangu Julai 2016 cheti kimoja hutambuliwa maishani, hivyo aliyechanjwa zamani akitafute alikokiweka. Asiye nacho achanjwe mapema, kwa kuwa cheti huanza kuwa halali siku ya 10 baada ya chanjo: anayeondoka Desemba 12 awe amekwisha kuchanjwa kufikia Desemba 2.